Pikipiki ya mtoto inapogoma: Jinsi ya kufuata njia ya petroli kutoka kwenye tangi hadi kwenye injini

Kila shule zinapofungwa, iwe Aprili, Agosti au Desemba, pikipiki ndogo za watoto hutolewa katika stoo zilikolazwa muhula mzima. Mtoto aliyekuwa bwenini huwa amezihesabu siku. Mzazi hupiga kiki mara tano, mara kumi, mara ishirini. Injini hukohoa kidogo, huzima, kisha hunyamaza kabisa. Lawama ya kwanza huangukia plagi, ya pili humwangukia fundi aliyeigusa mara ya mwisho, na ya tatu humwendea aliyeiuza.

Aghalabu kasoro haiko huko. Iko katika vijiko vichache vya petroli vilivyoachwa ndani ya kabureta tangu likizo iliyotangulia.

Pikipiki zinazohusika hapa ni zile zilizoundiwa watoto wa miaka minne hadi tisa hivi, zenye injini ya takriban cc 50 na magurudumu yanayofaa vumbi na matope. Yamaha PW50 imekuwa sokoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Honda CRF50F ilichukua jina hilo mwaka 2004, ikirithi nafasi ya XR50R. KTM 50 SX hununuliwa zaidi na wazazi wenye nia ya kuwaingiza watoto wao katika mashindano. Kisha kuna kundi kubwa la pikipiki kutoka China ambazo injini zake zimeiga muundo wa Honda, na ambazo bei yake huwavutia wengi. Hizi zote si vyombo vya barabarani. Mahali pake ni shambani, uwanjani, au katika viwanja vya mbio kama Jamhuri mjini Nairobi na Garuga, karibu na Entebbe nchini Uganda, ambako watoto wamekuwa wakishindana kwa miaka mingi.

Kuhusu matengenezo, mzazi wa Kenya ana bahati ambayo huenda haitambui. Tangu serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zisizozidi cc 250 mwaka 2008, boda boda zimeenea hadi kijiji cha mwisho, na pamoja nazo mafundi wanaoijua kabureta kama wanavyojua viganja vyao. Kabureta ya pikipiki ya mtoto ni ndugu mdogo wa ile ya boda boda. Kanuni ni ile ile, ila matundu ni madogo zaidi, na uchafu usioisumbua injini ya cc 125 unatosha kuizima ya cc 50.

Tofauti kubwa ni aliyekaa juu yake. Mhudumu wa boda boda akihisi eksileta imekwama, mkono wake hukimbilia klachi na swichi kabla hajafikiri. Mtoto wa miaka mitano hana ujuzi huo, na pikipiki yake kwa kawaida haina hata klachi ya mkono. Akishtuka, hukaza vidole, na kukaza vidole ndiko kunakoongeza kasi. Vivyo hivyo, petroli inayodondoka juu ya injini yenye moto haitamshtua. Atadhani ni maji. Ndiyo maana mfumo wa mafuta katika chombo hiki hauhusu tu kuwaka na kutowaka.

Kabla ya kushika spana

Kazi hii ifanyiwe nje, kivulini, injini ikiwa imepoa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautoweki juu bali hutambaa chini kama maji na unaweza kufika kwenye jiko la makaa lililo upande wa pili wa ua. Kufungua dirisha la gereji hakutoshi ikiwa kuna jiko linalowaka jikoni na mlango uko wazi. Simu ya mwangaza inafaa. Kibatari na kiberiti havifai.

Kufyonza petroli kwa mdomo kupitia mpira ni tabia iliyozoeleka mno. Tone likiingia mapafuni madhara yake ni makubwa, na hakuna haja yoyote ya kufanya hivyo kwa sababu matangi ya pikipiki hizi yana koki chini yake. Petroli iliyotolewa iwekwe katika mtungi wa mafuta wenye kifuniko imara. Chupa ya soda au ya maji ya kunywa isitumiwe kamwe katika nyumba yenye mtoto, kwani mtoto huamini umbo la chupa kuliko harufu ya kilichomo.

Plagi nayo ithibitishwe mapema ili mtu asifungue kabureta bure. Ifunguliwe, irudishwe katika kofia yake, chuma chake kigusishwe kwenye silinda, mbali na tundu la plagi na mbali na petroli yoyote, kisha kiki ipigwe. Cheche ya buluu ikionekana, moto upo. Aidha, itazamwe swichi ya kuzimia na ile kamba nyekundu inayofungwa mkononi mwa mtoto, iwapo pikipiki inayo. Mafundi wengi wamewahi kushusha kabureta nzima ilhali tatizo lilikuwa kamba iliyochomoka.

Plagi hiyo hiyo ina habari nyingine. Ikiwa kavu kabisa baada ya kiki nyingi, petroli haifiki kwenye injini. Ikiwa imelowa, petroli inafika kupita kiasi. Rangi ya kahawia, kama ya chai ya maziwa, ni dalili njema kwa injini iliyokuwa ikitembea. Masizi meusi yanaonyesha petroli imezidi hewa, na weupe wa chokaa unaonyesha hewa imezidi petroli. Weupe huo ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu zitakazotajwa baadaye.

Tangi, koki na mpira

Njia ya petroli huanzia juu, na uchunguzi unafaa uanzie huko huko. Mtu akianza na kabureta kwa kuwa ndiyo inayoshukiwa, anaweza kuisafisha mara tatu na kila mara ikachafuliwa upya na tangi lenye kutu.

Kifuniko cha tangi hupuuzwa na wengi. Kina tundu dogo, au kijimpira chembamba kinachochomoza juu, cha kuingiza hewa kadiri petroli inavyopungua. Tundu hilo likizibwa na tope, petroli hushindwa kushuka. Ishara yake ni ya kipekee: pikipiki huwaka vizuri, hutembea dakika kumi hivi, hufifia na kuzima, kisha ikipumzishwa huwaka tena kana kwamba hapakuwa na lolote. Injini ikizima, kifuniko kifunguliwe mara moja. Pakisikika sauti ya hewa ikivutwa ndani na injini ikawaka upya, tiba ni kulisafisha tundu hilo tu.

Chini ya tangi kuna koki, yaani kile kifunguo kidogo chenye alama za kufungua, kufunga na akiba. Katika baadhi ya pikipiki kimeshikizwa kwenye kabureta yenyewe. Mpira wa petroli uchomolewe upande wa kabureta, uelekezwe katika chupa ya kioo safi, kisha koki ifunguliwe. Petroli inapaswa kutiririka bila kusita. Ikidondoka tone moja moja, chujio lililo ndani ya koki limeziba, au mpira umepinda mahali, au umezeeka na kuta zake za ndani zimevimba.

Chupa hiyo iachwe itulie kwa muda. Maji, yakiwemo, hukaa chini na kuonyesha mstari ulio wazi kati yake na petroli. Chembe za rangi ya kahawia ni kutu, na huonekana zaidi katika pikipiki za zamani zenye tangi la chuma lililoachwa nusu tupu, maana unyevu wa hewa hujikusanya katika sehemu isiyo na mafuta. Matangi ya plastiki hayana kutu, lakini hukusanya mchanga unaoingia wakati wa kujaza mafuta pembeni mwa uwanja wenye vumbi.

Petroli yenyewe inastahili kutiliwa shaka. Uchanganyaji wa mafuta ya taa na petroli au dizeli umekuwa tatizo sugu nchini, hata mwaka 2018 serikali ikaanzisha tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kupunguza tamaa ya wachanganyaji. Injini iliyonyweshwa mchanganyiko huo huwa ngumu kuwaka ikiwa baridi na hutoa moshi. Jaribio la nyumbani ni rahisi: tone lidondoshewe karatasi nyeupe, mbali na moto. Petroli safi hukauka haraka na kuacha karibu hakuna alama. Mafuta ya taa huacha doa la mafuta linalokawia. Tangi la pikipiki ya mtoto hubeba lita mbili au zaidi kidogo, hivyo kumwaga yaliyomo na kuanza na mafuta mapya ya kituo kinachoaminika hakumfilisi mtu. Kinachoshangaza ni kwamba wengi huwa tayari kununua kabureta mpya kabla ya kununua lita mbili za petroli.

Ndani ya kabureta

Petroli haidumu. Sehemu zake nyepesi, zile ziwakazo kwa urahisi, ndizo hutoweka kwanza. Ndani ya tangi lililofungwa vizuri jambo hilo huchukua miezi kadhaa. Ndani ya bakuli la kabureta, ambalo huhifadhi kiasi kidogo sana na lina tundu la hewa, wiki chache zinatosha kwa kazi hiyo. Kinachobaki ni utomvu wa rangi ya asali unaonata kila mahali, na mwishowe hukauka ukawa gamba.

Gamba hilo huumiza zaidi jeti, yaani vile vijiparafujo vya shaba nyeupe au ya njano vyenye tundu katikati. Kabureta ya kawaida ya aina hii ina mbili. Jeti kubwa hulisha injini eksileta inapofunguliwa sana. Jeti ndogo huilisha wakati wa kuwaka na inaponguruma polepole, na tundu lake halifiki nusu milimita. Hiyo ndiyo huziba kwanza. Kwa hiyo pikipiki inayowaka kwa choki pekee na kuzima choki inaporudishwa imekwisha kueleza shida yake. Ile inayonguruma vyema lakini inakwama mtoto anapofungua eksileta yote ielekeze macho kwenye jeti kubwa, au kwenye petroli isiyoshuka kwa kasi ya kutosha.

Kabla ya kushusha kabureta, koki ifungwe na bakuli limwagwe kupitia kiparafujo kilicho chini yake. Kichwa cha juu cha kabureta kikifunguliwa, kizibo cha mviringo hutoka pamoja na kebo ya eksileta na sindano ndefu inayoning'inia. Kisukumwe pembeni kikiwa kimefungwa katika kitambaa safi. Sindano ikipinda, hainyooshwi. Ni vyema kupiga picha kwa simu katika kila hatua. Fundi stadi anaweza kucheka, lakini fundi stadi hufanya kazi hiyo kila siku.

Bakuli likishafunguliwa, rangi ya yaliyomo hutoa jibu nusu. Petroli angavu ni habari njema. Utomvu, unga wa kijani au vumbi jeupe vinaashiria maji na mafuta yaliyokaa. Ndani humo kuna kiboya, kinachofanana kikazi na boya la tangi la choo: petroli ikipanda nacho hupanda, na kijisindano chenye ncha ya mpira huziba mlango. Kijiti kinachoshikilia kiboya kisukumwe taratibu kutoka upande wake, si kupigwa nyundo, maana nguzo mbili zinazokishika huvunjika, na zikivunjika kabureta nzima ni ya kutupwa.

Jeti zifunguliwe kwa bisibisi inayoingia barabara katika mfereji wa kichwa chake. Shaba ni laini. Bisibisi ndogo ikiteleza mara mbili, kichwa huharibika na jeti haitatoka tena. Kisha ziinuliwe kuelekea mwangani. Tundu safi huonekana kama duara kamili la nuru. Lisiloonekana, au lenye umbo la mwezi mchanga, limeziba.

Hapa ndipo kosa kubwa la vibanda vingi hutendeka. Fundi huchomoa uzi mmoja wa waya wa breki na kulizibua tundu kwa kulisukuma. Uchafu hutoka, naam, lakini chuma hicho kigumu hulikwaruza na kulipanua tundu lililopimwa kwa sehemu za milimita. Tangu siku hiyo injini hunywa kuliko inavyopaswa, hutoa moshi mweusi, na hakuna anayekumbuka sababu. Njia sahihi ni dawa ya kopo ya kusafishia kabureta na hewa ya kompresa, ile ile ya kujazia magurudumu. Gamba likikaidi, jeti ilowekwe katika dawa hiyo usiku kucha. Uzi wa nailoni wa kuvulia samaki unaweza kupitishwa bila kudhuru. Zaidi ya hapo jeti mpya yenye nambari ile ile ndiyo suluhisho, na bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na usumbufu.

Miwani ivaliwe wakati wa kupuliza dawa, kwani humwagika kupitia tundu lisilotarajiwa na kuruka moja kwa moja machoni. Vipande vya mpira na kiboya cha plastiki viondolewe kwanza. Njia zote za ndani ya kabureta zipulizwe, si jeti peke yake. Jeti safi iliyo mbele ya mfereji uliozibwa haisaidii kitu.

Ubavuni pia kuna parafujo ya kusawazisha mchanganyiko. Kabla ya kuifungua, ikazwe taratibu hadi iguse huku mizunguko ikihesabiwa na kuandikwa, ndipo ifunguliwe yote. Wakati wa kuirudisha hesabu hiyo ndiyo itakayotumiwa. Iwapo haikuhesabiwa, mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipokazwa ni mwanzo unaokubalika kwa kabureta nyingi. Parafujo iliyo upande wa injini hupima petroli, na kuifungua huongeza petroli. Iliyo upande wa kichujio cha hewa hupima hewa, na kuifungua hupunguza petroli. Kuchanganya mambo haya mawili kumewapotezea watu siku nzima.

Petroli inapofurika

Tatizo la kinyume ni petroli kumwagika kutoka katika kijimpira cha chini ya kabureta pikipiki ikiwa imesimama. Chembe moja ya mchanga ikikaa chini ya kijisindano cha kiboya, mlango haufungi. Kuligonga bakuli polepole kwa mpini wa bisibisi wakati mwingine huiondoa chembe hiyo, lakini uchafu uliozaa chembe ya kwanza utaleta ya pili. Kijisindano chenye alama ya pete kwenye ncha yake ya mpira kimechakaa na kinafaa kubadilishwa.

Katika injini ya mipigo minne, kama ile ya CRF50F, petroli inayofurika inaweza kupenya kwenye silinda na kushuka hadi kwenye oili. Kijiti cha kupimia oili kichomolewe na kunuswa. Oili ikinuka petroli, au kina chake kikiwa kimepanda bila mtu kuiongeza, injini isiwashwe. Oili yote imwagwe na kuwekwa mpya baada ya kiboya kutengenezwa, kwa sababu oili iliyochanganyika na petroli hailainishi chochote.

Kichujio cha hewa kilichojaa vumbi huleta dalili zinazofanana na za kufurika: moshi mweusi, plagi nyeusi, uvivu. Sponji yake ifuliwe kwa maji ya sabuni, ikaushwe kivulini, kisha ipakwe oili maalumu ya vichujio na kukamuliwa. Kuifua kwa petroli hulegeza gundi yake na kuacha mvuke mahali pasipofaa. Kuendesha pikipiki bila sponji hata alasiri moja katika vumbi la Athi River au Naivasha ni kuinywesha injini mchanga.

Mipigo miwili na suala la oili

PW50 na 50 SX zina injini za mipigo miwili, ambazo oili yake huungua pamoja na petroli. Yamaha ina tangi dogo la pekee la oili na pampu inayoipeleka yenyewe. KTM huhitaji oili ichanganywe na petroli kabla ya kumiminwa, kwa kipimo kilichotajwa na mtengenezaji. Sehemu moja kwa hamsini, kwa mfano, ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, na kipimo hicho hupimwa kwa bomba la sindano au kikombe chenye alama; jicho halitoshi.

Baadhi ya wenye PW50, wakihofia pampu ifeli, huiondoa na kuchanganya wenyewe. Hatari huzuka pikipiki inapouzwa. Mnunuzi huona tangi la oili, hulijaza, na humimina petroli tupu akiamini pampu ingalipo. Injini hukwama ndani ya muda mfupi. Anayenunua PW50 iliyotumika aulize swali hilo kabla ya kuuliza bei.

Wengine hudhani kwamba kuongeza oili ni kuilinda injini zaidi. Ikumbukwe kuwa jeti hupitisha ujazo ule ule; oili ikizidi humo, petroli imepungua, na injini hupata joto zaidi badala ya kupoa.

Kutoka Nairobi hadi Mombasa

Jambo hili huwakumba wasafiri wa Desemba bila wao kujua. Petroli huungua vyema ikichanganyika na hewa kwa uwiano wa karibu moja kwa 14.7 kwa uzani. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa kiasi cha asilimia 15 kuliko ya pwani. Eldoret, kwenye mita 2,100 hivi, tofauti hukaribia asilimia 19. Kabureta haina akili ya kulitambua hilo. Iliyopangwa kiwandani kwa usawa wa bahari humimina petroli nyingi mno kwa hewa ya Eldoret, na pikipiki huwa nzito, yenye moshi, yenye kulamba plagi. Fundi wa huko huiwekea jeti kubwa yenye nambari ya chini kidogo, na mambo hutengemaa.

Balaa huja familia inaposhuka Diani na pikipiki hiyo hiyo. Sasa hewa ni nzito na petroli ni chache. Injini ya mipigo minne itapoteza nguvu na kupata joto. Injini ya mipigo miwili iko hatarini zaidi, kwa vile oili yake husafiri ndani ya petroli au sambamba nayo. Petroli ikipungua, joto hupanda na pistoni yaweza kuyeyuka au kung'ang'ana silindani mtoto akiwa katikati ya mwendo, na gurudumu la nyuma likakwama ghafla. Plagi nyeupe ndiyo onyo la mapema. Jeti ya awali ihifadhiwe katika bahasha yenye maandishi na isafiri pamoja na pikipiki.

Dalili kama hizo zinaweza pia kuletwa na ufa katika mpira unaounganisha kabureta na injini, au gasketi iliyopasuka. Injini hunguruma kwa kasi isiyoitwa na huchelewa kutulia eksileta inapoachiliwa. Maji ya sabuni yakipakwa mahali hapo injini ikiwa inawaka, mngurumo ukibadilika, ufa umepatikana.

Kurudisha na kujaribu

Kizibo cha kabureta kina mfereji ubavuni unaoingia katika kijiti kilicho ndani ya kabureta, na mkato wake wa chini hutazama upande wa kichujio cha hewa. Kikilazimishwa kuingia kinyume, kinaweza kukwama kikiwa wazi. Hakuna hatua inayohitaji utulivu kuliko hii.

Injini ikiwa bado imezimwa, eksileta izungushwe hadi mwisho na kuachiliwa. Inapaswa kurudi yenyewe kwa mlio mkavu, mara kumi kwa kumi, usukani ukiwa katikati, kulia kabisa na kushoto kabisa. Kisha injini iwashwe, pikipiki ikiwa juu ya stendi na gurudumu la nyuma likiwa hewani, mtoto akiwa mbali, na usukani uzungushwe tena pande zote. Mngurumo ukipanda usukani unapogeuzwa, kebo imebana au imepitishwa mahali pabaya. Kwenye mshiko wa PW50 kuna pia parafujo inayozuia eksileta kufunguka kupita kiasi ambacho mzazi ameamua. Fundi aliyeilegeza wakati wa kazi mara nyingi husahau kuirudisha, na mtoto hurejeshewa pikipiki yenye kasi asiyoizoea.

Baada ya dakika kumi za kunguruma, kitambaa kikavu kipitishwe chini ya kabureta, kwenye koki na kwenye maungio ya mpira. Kikitoka kimelowa, pikipiki haijapona, hata kama inatembea vizuri.

Kazi hii yote haihusu sana pikipiki mpya zenye kupuliza petroli kwa umeme. Honda ilihamishia CRF110F, dada mkubwa wa CRF50F, katika mfumo huo kwa toleo la mwaka 2019. Hizo husumbuliwa na betri iliyoshuka na petroli chafu zaidi kuliko jeti, na pampu yake huhitaji vifaa vya kupimia ambavyo si kila kibanda kinavyo.

Kwa zenye kabureta, kinga huchukua dakika tano siku ya kurudi shuleni. Koki hufungwa injini ikiwa inawaka, na huachwa inguruma hadi izime yenyewe kwa kuishiwa. Kwa zile za mipigo miwili, ni afadhali kuizima injini na kulimwaga bakuli kwa kiparafujo chake, ili isiungue bila oili ya kutosha katika sekunde za mwisho. Tangi la chuma hujazwa pomoni ili kutu isipate nafasi. La plastiki humwagwa, na petroli yake ikatiwa katika gari la nyumbani ingali mbichi, mradi haina oili ndani yake.